Zege Halina Kifutio

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza saa nne kasorobo asubuhi. Nimeanza daftari jipya siku hiyohiyo.

Kazi iliyo mezani ni bweni la shule ya wasichana. Chini kuna ukumbi wa kusomea, stoo ya magodoro na ukumbi mdogo wa kuingilia. Juu kuna vyumba vinane vya watoto, vitanda vinane kila chumba, jumla watoto sitini na wanne. Chumba cha mlezi kiko mwisho wa korido. Ngazi ni mbili. Nimeichora mimi, mstari kwa mstari, kwa miezi mitatu. Msanifu, ambaye ndiye bosi wangu, ametia sahihi. Ofisi ya ujenzi imegonga muhuri. Zege la sakafu ya juu litamwagwa Alhamisi, mvua ikiruhusu.

Mama anasema tangu azaliwe hajaona mvua ikimruhusu mtu kitu.

Jumanne, 4 Machi
Ofisi yetu ina desturi yake. Kabla ya zege kumwagwa, mchoraji huenda kwenye jengo na kumsomea ramani kwa sauti seremala wa mbao za kushikilia zege, naye seremala huonyesha kwa mkono kila anachosikia. Msanifu aliianzisha baada ya fundi mmoja kumjengea mtu choo kisicho na mlango. Seremala wetu wanamwita Msumari, kwa kuwa muda wote ameshika misumari mdomoni na anazungumza nayo humohumo. Ramani hasomi, lakini akishasikia kipimo hakisahau.

Tukasimama chini, mbao zikiwa juu ya vichwa vyetu.

"Ngazi ya kwanza," nikasoma.

Akanyoosha mkono kushoto.

"Ngazi ya pili."

Mkono ukasogea kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Akaitoa misumari mdomoni. Hilo halifanyi mara nyingi.

"Dada, nikuulize kitu cha kijinga?"

"Uliza."

"Zote mbili zinatua hapa tulipo?"

"Zinatua hapa. Sheria inataka mbili."

"Haya. Na hapa pakishika moto?" Akaugonga ukuta wa stoo ya magodoro kwa kiganja. "Dada, hizi si ngazi mbili. Hii ni ngazi moja iliyonenepa."

Vibarua wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha kicheko kikanikatikia njiani.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye. Mwanzoni ngazi ya pili niliichora mwisho wa korido, mbali na ya kwanza. Shule ikaomba chumba cha mlezi kiwe kwenye kona hiyo, kipate madirisha pande mbili. Nikaihamisha ngazi, nikaileta ubavuni mwa mwenzake ili zitumie ukuta mmoja. Nilifurahi sana siku hiyo. Nilimwambia Msanifu, "Nimeokoa ukuta mzima," naye akasema, "Safi." Baada ya hapo kila aliyeishika ramani alihesabu: moja, mbili. Hakuna aliyeshuka.

Msimamizi wa ujenzi akatokea, yule wanayemwita Bwana Haraka, mtu anayetazama saa hata akiwa anatafuna. "Dada wa ramani, umemaliza kusoma? Maana Alhamisi namwaga, hata kama ni kwa kijiko."

Simpendi mtu huyu. Nikamwambia nimemaliza.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Kesho zege halitamwagwa. Sijasema.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua siku nzima. Msanifu aliniuliza kama usomaji ulikwenda vizuri. Nikajibu, "Vizuri." Sijasema.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Sijasema. Nimechonga penseli sita ambazo zilikuwa zimeshachongwa.

Jumamosi, 8 Machi
Jua tangu saa mbili asubuhi. Nilikaa dirishani nikilitazama kama mdaiwa anayemtazama anayebisha hodi. Saa tano wingu likaja, saa sita ikanyesha. Sikuwahi kufikiri nitaishukuru mvua kwa kuzuia kazi yangu mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Leo nimefanya jaribio nyumbani. Mama alikuwa amelala mchana chumbani kwake. Nikasimama koridoni na saa mkononi, nikapaza sauti: "Mama, moto! Toka nje!"

"Moto gani?"

"Moto, Mama! Toka!"

"Nitatokaje na sijavaa viatu?"

Akavaa viatu. Akatafuta miwani ili autafute ufunguo. Ufunguo wa mlango wa nyuma hukaa ndani ya kikombe, kikombe kiko juu ya kabati, na kabati liko nyuma ya meza ya kupigia pasi. Alipofika nje ilikuwa imetimia dakika mbili na sekunde arobaini, na mkononi ameshika birika.

"Birika la nini?"

"Si umesema moto? Nimeona tusije tukakosa chai."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu Mama akanitazama kwa utulivu na kuniuliza kwa nini siku hizi nacheka huku macho yamejaa machozi. Nikamweleza yote. Hakunisuta. Alisema tu, "Mwanangu, wewe ulikosea mara moja ulipochora. Tangu Jumanne unakosea kila siku."

Ufunguo nimeutundika kwenye msumari pembeni ya mlango.

Jumatatu, 10 Machi
Nimesema.

Nilifika ofisini saa mbili kasoro dakika ishirini, nikaitandaza ramani kwenye meza ya Msanifu kabla hajafika, nikaiwekea vitabu pembe zote nne. Alipoingia nilikuwa nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

"Ngazi mbili hizi zinatua sehemu moja," nikamwambia. "Na sehemu yenyewe iko mlangoni mwa stoo ya magodoro. Moto ukianzia hapo, huku juu hakuna pa kutokea. Kosa ni langu. Nililijua tangu Jumanne."

Hakukaa. Akaweka kidole kwenye chumba cha kwanza cha watoto, akakitembeza koridoni, akakishusha ngazi ya kwanza. Akarudi. Akakitembeza tena, akakishusha ya pili. Mara zote mbili kidole kikaishia mahali palepale.

"Jumanne," akasema.

"Ndiyo."

"Na leo Jumatatu."

"Ndiyo."

"Mvua isingenyesha?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaenda kukaa upande wa pili wa chumba na kunigeuzia mgongo. Saa nne akampigia simu Bwana Haraka: asimwage mpaka aambiwe. Sikusikia alichojibiwa, lakini simu ilipiga kelele mpaka nikaisikia nilipo.

Jumanne, 11 Machi
Mvua. Msanifu hajanisemesha. Ameniachia kikombe cha chai mezani, ila hajanisemesha. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimevipanga vifaa vyangu kwenye sanduku, kama nitaambiwa niondoke nisichelewe.

Jumatano, 12 Machi
Mshindo umekuja, si ule niliokuwa nikiutegemea. Saa tatu asubuhi alivuta kiti chake mpaka kwenye meza yangu.

"Hilo sanduku ni la nini?"

Nikalisukuma chini ya meza kwa mguu.

"Rudisha vitu mahali pake. Hii ramani tumeikosea wawili. Wewe uliichora, mimi niliitia sahihi bila kushuka ngazi hata moja. Zile siku sita za kunyamaza ndizo zako peke yako, na hizo utazilipa kwa kazi. Chukua karatasi."

Tulichora mpaka saa kumi. Ngazi ya pili irudi mwisho wa korido, mahali pa chumba cha mlezi. Chumba cha mlezi kije palipokuwa na ngazi. Mlango wa stoo ya magodoro uhamie upande wa nje, na ukuta wake uinuliwe hadi ugusane na zege la juu, bila upenyo. Milango ya ngazi ifunguke kuelekea anakokimbilia mtu. Nilikuwa nimeichora ikivutwa kwa ndani, kwa sababu milango yote niliyowahi kuichora huvutwa kwa ndani. Watu sitini wakiusukuma mlango wa kuvuta, haufunguki ng'o.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Mama kaniambia leo nimerudi shingo imenyooka.

Ijumaa, 14 Machi
Sikujua kwamba kazi ngumu ilikuwa bado.

Tulikwenda shuleni, mimi na Msanifu. Mkuu wa shule ni mama mfupi anayesikiliza akiwa ameshika kalamu wima. Alielewa haraka, haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Akasema, "Vitanda sipunguzi hata kimoja, nina watoto wanaolala wawili wawili." Msanifu akamwonyesha kwamba havipungui. "Na chumba cha mlezi nilimwahidi mwenyewe, mbele ya walimu wote. Mkitaka kukihamisha, muulizeni yeye. Akikataa, sitamlazimisha. Tutatafuta njia nyingine."

Njia nyingine haipo. Nilijua, na Msanifu alijua.

Mlezi wa bweni watoto wanamwita Mama Funguo. Unamsikia kabla hujamwona, maana shada la funguo linalia kiunoni kwake kila anapopiga hatua. Nimemwona mara nyingi akikagua ujenzi na nilimwogopa. Nilidhani ni mtu wa kufunga tu.

Alitupokea bweni la zamani, mahali anapolala. Si chumba. Ni pembe ya stoo ya masanduku, imekingwa kwa pazia la maua lililofifia. Kitanda, kiti, na ndoano moja ukutani. Nikamwonyesha ramani mpya, nikamwonyesha chumba chake kipya kilipo.

"Hapa pembeni pana nini?" akauliza.

"Vyoo, Mama."

"Na hapa?"

"Ngazi."

"Dirisha?"

"Moja. Linatazama ukuta wa tangi."

Akaikunja ramani yangu, taratibu, kwa adabu, akanirudishia.

"Binti yangu, miaka kumi na tisa nimelala nyuma ya pazia hili. Nikigeuka kitandani watoto wanajua. Nikikohoa wanaulizana kama nimekohoa. Mkuu aliponionyesha chumba chenye madirisha mawili, nilikwenda kusimama kwenye matope nikahesabu jua litaingilia wapi. Sasa mnaniletea ubavu wa choo?"

"Ni kwa ajili ya watoto, Mama."

Akanikata jicho. "Watoto nawalea mimi. Tangu lini wewe ukawajua? Milango ya bweni hili naifunga mwenyewe na naifungua mwenyewe. Moto ukitokea, mimi nipo. Funguo hizi hapa." Akazitikisa.

Njiani Msanifu akasema, "Ana haki." Nikasema, "Ndiyo, lakini." Hakuna aliyemaliza sentensi yake.

Jumamosi, 15 Machi
Mvua.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua mpaka saa nane. Nilikwenda kwenye jengo kupima nafasi ya msingi wa ngazi mpya. Bwana Haraka alinifuata na mwavuli, jambo ambalo sikulitarajia, ingawa aliutumia kujikinga yeye.

"Nasikia mlezi kakataa."

"Amekataa."

"Ulimwonyesha nini?"

"Ramani."

"Karatasi!" Akacheka kwa pua. "Dada, mimi nimejenga miaka ishirini na mbili, na wenye nyumba wote wanaitikia kwa kichwa ukiwaonyesha karatasi. Siku wakiingia ndani ndiyo wanauliza jiko liko wapi. Mchoree chini. Chokaa ninayo. Mchoree kwa ukubwa wake, aingie."

"Kumbe una akili," nikamwambia, ikanitoka.

"Ninayo. Huwa sina muda wa kuitumia."

Jumatano, 19 Machi
Mvua. Tunasubiri siku kavu ya chokaa, na tunaiogopa siku kavu ya zege. Siku yenyewe ni ileile.

Alhamisi, 20 Machi
Tangu asubuhi hapakuwa na tone. Saa nane tukaichora sakafu nzima ya juu kwenye uwanja wa shule, mimi na Msumari, kwa kamba na chokaa, urefu wa mita arobaini. Tulichora ile ya zamani, yenye muhuri. Vyumba vinane, korido, ngazi zote mbili kwa pamoja, na mwisho kabisa chumba cha mlezi. Madirisha yake mawili nikayawekea matofali. Mama Funguo alikuja, akayatazama matofali, akaingia kwa kupitia mlangoni ingawa ukuta wenyewe ulikuwa mstari tu. Nadhani alifurahi.

Watoto sitini na wanne wakaingia vyumbani mwao wakicheka. Mkuu wa shule alisimama kando na kalamu yake. Msumari akajipeleka mahali ngazi zinapotua, akapanua mikono.

"Mimi ndiyo moto!" akatangaza.

"Moto gani umekonda hivyo?" msichana mmoja akamjibu, uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Ninao uwezo wa kunenepa, nipeni magodoro tu!"

Nikawaeleza: ukisikia filimbi, toka. Usivuke mstari, mstari ni ukuta. Moto uko alipo Msumari. Mama Funguo akapuliza filimbi mwenyewe, akiwa chumbani kwake.

Walitoka mbio. Korido ikajaa. Wa mbele wakafika ngazini, wakamkuta Msumari amepanua mikono, wakasimama. Wa nyuma wakaendelea kuja. Wakasukumana, wakapiga kelele za mchezo, halafu mmoja akageuka, na alipogeuka wakageuka wote. Wakarudi koridoni mbio, wakapita vyumba vyao, wakapita vyumba vya wenzao, mpaka mwisho. Wakaingia chumba cha mlezi.

Wote. Sitini na wanne, ndani ya mistari ya mita tatu kwa nne. Walisimama wamebanana, wengine mguu mmoja, wakicheka, wakishikana mabega wasikanyage ukuta. Mama Funguo alikuwa katikati yao, filimbi ingali mdomoni, mikono imeinuliwa juu kwa kukosa pa kuishusha.

"Mnakuja kwangu kufanya nini?" akauliza.

"Twende wapi tena, Mama?" akajibu aliyekuwa karibu naye, mdogo, kichwa kikimfika kifuani. Alijibu kwa furaha tu, kama fumbo alilolipatia.

Mama Funguo hakucheka. Nilimwona akitazama dirisha la kwanza, yaani lile tofali, kisha la pili. Kisha akaushika ufunguo mmoja kiunoni, akauachia.

Mkuu wa shule alikuwa ameiweka kalamu mfukoni. Saa kumi na moja kasorobo mvua ikaja ikaosha chokaa yote.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua kubwa. Saa nne nilisikia funguo zikipanda ngazi za ofisi yetu.

Akakaa bila kukaribishwa. Maji yalimtiririka kutoka kwenye mwavuli. "Itoe ile karatasi yako."

Nikaitandaza. Aliitazama muda mrefu, akauliza kila mstari. Hii nini. Na hii. Mlango wa ngazi mpya ataufungaje?

"Kwa ndani haufungwi, Mama. Anayetoka anasukuma tu. Anayeingia kutoka nje ndiye anayehitaji ufunguo."

"Watoto watanitoroka."

"Tutaweka kengele. Wakisukuma, italia."

"Mjanja ataitia kitambaa. Ninao wawili ninaowajua tayari."

"Sasa tufanyeje?"

Akaweka kidole, kinene, chenye alama ya pete isiyokuwepo, juu ya chumba nilichokuwa nimempa kando ya vyoo.

"Hapa sitaki. Nilikataa kwa hasira, na leo nakataa kwa akili. Nikikaa mwisho huu, wa kule mwisho nitawasikiaje? Na kule kona yangu ilikuwa hivyohivyo, ila madirisha yalinipofusha." Kidole kikatambaa koridoni kikasimama katikati. "Niweke hapa. Vinne huku, vinne huku. Mtoto akiugua nisikie. Kengele ikitiwa kitambaa, nisikie mlango."

Nikahesabu. Palipokuwa na ngazi ya pili panatosha chumba cha watoto. Vyumba vya mbele vinasogea, mlezi anaingia katikati. Vinabaki vinane. Vitanda sitini na vinne. Niliichora ramani hii miezi mitatu na sikuliona hilo.

"Lakini katikati dirisha litakuwa moja, Mama. Vyumba vimekubana pande zote."

"Moja lionalo jua linanitosha. Linaona jua?"

"La asubuhi."

"Basi." Akasimama. Mlangoni akageuka. "Mngeniuliza mapema ningewaambia. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniuliza mlango ukae wapi. Naambiwa tu niufunge."

Msanifu alimsindikiza mpaka chini, akamshikia mwavuli. Huyo ndiye mwanamke niliyedhani ni wa kufunga tu.

Jumatatu, 24 Machi
Ramani mpya imepelekwa ofisi ya ujenzi kwa muhuri. Wameahidi siku saba.

Jumatano, 26 Machi
Mvua.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua. Endelea, mvua yangu, endelea.

Jumamosi, 29 Machi
Sikuwa na zamu leo. Saa mbili unusu anga ilikuwa bluu, haina hata uzi wa wingu. Nilikuwa nafua. Simu ikalia, Msumari: "Dada, mkandarasi kaja. Anasema muhuri anaoujua ni ule wa zamani, mpya hajauona, na mkataba unambana. Mashine imeshasogezwa. Njoo."

Sikukausha mikono. Nilifika na povu kwenye viwiko. Mchanga umelundikwa, vibarua wamepanga mstari na ndoo, mkandarasi anatembea huku na huku, na zile mbao juu zimelala kama zilivyokuwa, bila tundu la ngazi mpya. Bwana Haraka alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya kuchanganyia zege, mikono myeusi kwa grisi.

"Imekataa," alikuwa akimwambia mkandarasi, bosi wake. "Jana ilikuwa nzima. Leo imekataa katakata."

"Changanya kwa mikono!"

"Sakafu yote hii kwa mikono? Zege litaganda vipande vipande, Mzee. Likipasuka utaniuliza mimi."

Wakabishana kwa nusu saa. Mimi nikapiga simu kwa Msanifu, Msanifu akampigia mkandarasi, mkandarasi akatukana mashine, fundi wa mashine, na mama aliyemzaa fundi wa mashine. Saa nne akaingia kwenye gari akaondoka.

Bwana Haraka alisubiri gari lipotee. Kisha akaingiza mkono chini ya koti na kutoa mkanda wa mashine, mweusi, umekunjwa kama nyoka aliyelala.

"Umeutoa wewe?"

"Mvua imepumzika leo. Nimeshika zamu yake."

Nikamwuliza: wewe, mwenye haraka kuliko wote?

"Mimi nina haraka ya kumaliza, Dada, sina haraka ya kukosea. Nyie mkikosea mnafuta. Zege halina kifutio. Nimewahi kuvunja sakafu niliyoimwaga mwenyewe, siku tisa kwa nyundo, na kila pigo nilikuwa naliona jasho langu la mwanzo." Akatazama saa. "Sasa ondoka, una povu mpaka masikioni. Na muhuri uje, maana mashine haiwezi kuugua kila siku."

Nimeandika hapo juu, tarehe 4, kwamba simpendi mtu huyu. Sifuti, ila naandika hapa kwamba nilikuwa simjui.

Jumatano, 2 Aprili
Muhuri umetoka. Nakala moja kwa mkandarasi, mkononi, na amenitilia sahihi daftarini.

Jumatatu, 7 Aprili
Shimo la msingi wa ngazi mpya limejaa maji. Tumeyachota kwa ndoo, kila mtu, hata Msanifu, suruali imekunjwa mpaka magotini. Msumari amemwambia miguu yake inafaa kuwa nguzo, haijawahi kuona jua.

Jumanne, 8 Aprili
Maji tena. Ndoo tena.

Ijumaa, 11 Aprili
Msingi umesimama. Msumari amekata mbao za tundu la ngazi. Nimemsomea ramani upya kwa sauti. Safari hii niliposema "ngazi ya pili" ilimbidi atembee, na alipofika mwisho wa korido alinipungia kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Jumatatu, 14 Aprili
Zege limemwagwa. Saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja, bila tone. Mashine haikukohoa hata mara moja.

Alhamisi, 24 Aprili
Mvua zinaisha. Zege limeshika, sasa panatembeka juu. Mama Funguo aliomba apelekwe, nikampandisha mwenyewe. Hakuna kuta bado, ni sakafu tupu ya kijivu na mistari ya rangi ya Msumari inayoonyesha kila chumba. Miisho yote miwili pana tundu la ngazi, na mwanga unapita chini.

Nikamwonyesha mstari wake. Akaingia, akasimama, akageuka upande litakapokuwa dirisha, akafumba macho kwa sababu jua lilikuwa limeshafika hapo. Kisha akatoka mlangoni na kuanza kutembea kuelekea ngazi ya kwanza, akihesabu kwa sauti. Ilichukua hatua ishirini na tisa. Akarudi mpaka mlangoni, akaelekea ya pili.

"Thelathini," akapaza sauti kutoka huko. "Huku umenizidishia hatua moja!"

"Ni hatua tu, Mama, si kipimo."

"Kwangu ndiyo kipimo." Alirudi taratibu, akasimama tena katikati, akatazama huku, akatazama kule. "Haya. Atakayeniita kutoka upande wowote, namfikia. Na nikimfikia, tuna pa kwenda."

Niliporudi ofisini niliandika kwa penseli kwenye korido ya ramani: upande huu 29, upande huu 30. Msanifu akainama, akauliza ni kipimo gani hicho, maana sisi hatupimi kwa hatua. Nikamwambia ni cha mwenye chumba.

"Basi usikiandike kwa penseli," akasema, akanipa wino.